Tiba ya Jeni au Tiba kwa Jeni?

Mama aliyevuka Tana kwa mtumbwi akamleta mtoto hospitali Hola ana msamiati wa kutosha: mtoto amebanwa kifua, anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani. Muuguzi humpandisha mtoto shati, akatazama tumbo likipanda na kushuka, akahesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, nimonia inashukiwa. Mama akiambiwa "dawa ya kifua", anajua kinachotibiwa ni kifua.

Nyumbani ana dawa ya mwarobaini pia. Hapo mambo yamegeuka: mwarobaini hautibiwi, unatibu. Neno "ya" ni lilelile, ila kila mtu anaujua mti huo, ndiyo maana hatukosei.

Sasa mwambie "tiba ya jeni". Jeni ni ugonjwa au ni dawa? Kama hajawahi kulisikia neno, sarufi haimsaidii hata kidogo. Tena huku Pwani vokali moja tu hutenganisha jeni na jini, na tiba ya majini watu wanaijua: ni ya kumtoa jini. Atakayesikia vibaya atadhani mtoto wake ana kitu cha kufukuzwa. Wanaopendelea "vinasaba" wana hoja nzuri, maana nasaba ni neno la nyumbani. Lakini vinasaba vimezoeleka katika vipimo vya kumtafuta baba wa mtoto, nami siwezi kumtwika wasiwasi huo mama mwenye mgonjwa mgongoni.

Ninachokitetea ni "tiba kwa jeni". Tunakata kwa kisu, tunavuka kwa mtumbwi. Kwa hiyo jeni ndiyo chombo. Na ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli, tunayorithi kwa baba na mama. Jeni ya CFTR, iliyotambuliwa mwaka 1989, huagiza seli za njia za hewa zijenge mlango wa kupitisha chumvi. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa wazazi wote wawili, mlango haufanyi kazi, balghamu inakuwa nzito kama gundi, na vijidudu vinafanya makao. Huo ndio ugonjwa wa sistiki faibrosisi. Tiba kwa jeni hupeleka pafuni nakala nzima ya maagizo. Ile mbovu huachwa palepale.

Istilahi nyingine inayohitajika hapa, "kinga ya njia za hewa", haina taabu. Mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo, hukinga uso kwa mkono: kudaka na kuzuia, yote mawili. Balghamu hufanya hivyohivyo. Hudaka vumbi, moshi wa kuni za mathenge na vijidudu, kisha vijinywele vya seli, vidogo mno, huisukuma hadi kooni ikamezwa au ikakoholewa.

Kinga hiyo ndiyo iliyowakwamisha watafiti wa tiba kwa jeni. Mwaka 1993 walianza kuwapa wagonjwa jeni iliyopakiwa ndani ya virusi vya jamii inayoleta mafua, vilivyopunguzwa nguvu. Balghamu ikavinasa, na dozi iliporudiwa mwili ulikuwa umeshavitambua. Kurudia hakuepukiki, kwani seli za njia za hewa hufa na kubadilishwa. Kundi la Uingereza likaacha virusi, likaifunga jeni katika vitone vya mafuta, na wagonjwa wa miaka 12 na zaidi wakaivuta kama mvuke kila mwezi kwa mwaka mzima. Matokeo yalipotoka mwaka 2015, nguvu ya mapafu yao iliwapita wenzao wasioipata kwa asilimia 3.7. Ni kidogo, lakini jeni ilikuwa imefika.

Kwa mtoto wa Hola, kilicho tayari ni sindano iliyoingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2011, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akina mama huiita chanjo ya nimonia. Hapo "ya" imebeba maana ya tatu, ya kuzuia, na hakuna anayeikosea, maana ameiona ikiingia pajani mwa mwanawe na ameambiwa inazuia nini.