Notisi Kabla ya Nyundo: Mnada wa Deni la Kodi na Uhakika wa Miliki katika Mbulu na Hanang

Anayenunua kiwanja kwenye mnada wa deni la kodi hununua pia kila kosa lililotendeka kabla ya siku ya mnada. Kama mdaiwa hakupata notisi, kama mkewe hakujua kuna deni, kama tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ambayo mdaiwa hana sababu ya kuifikia, kasoro hizo hazifutiki dalali anapogonga nyundo. Zinamfuata mnunuzi hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, hadi Mahakama Kuu, na pengine hadi Mahakama ya Rufani. Wazabuni wanalijua hilo, ndiyo maana hawatoi bei kamili. Makala haya yanadai kwamba katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, unafuu wa bei ya mnada ni kipimo cha udhaifu wa notisi. Yanadai pia kwamba anayepaswa kuwa wa kwanza kuidai notisi ya kweli ni mnunuzi mwenyewe, akifuatiwa na Serikali inayotaka kodi yake.

Kwanza ni lazima tujue kinachouzwa. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi ana haki ya kuikalia na kuitumia. Mwenye hati ya mjini ana hakimiliki ya miaka 33, 66 au 99. Mnunuzi wa mnadani anapata miaka iliyobaki, pamoja na masharti ya uendelezaji yaliyomo katika hati. Deni linaloweza kukifikisha kiwanja mnadani kwa kawaida ni la kodi ya pango la ardhi, au la kodi za biashara zinazodaiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kodi ya majengo siku hizi si rahisi kulimbikizwa. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU, kwanza kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 kwa shilingi 1,500.

Kwa hiyo eneo ambalo mnada wa aina hii unaweza kufanyika ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Ni viwanja vilivyopimwa Katesh, Mbulu mjini, Haydom, Dongobesh na vituo vingine vya biashara. Nje ya hapo tunaingia katika ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambako miliki ni ya kimila. Mtu asiye mkazi wa kijiji hawezi kuipata miliki hiyo bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Mwenye hakimiliki ya kimila kwa kawaida hadaiwi kodi ya pango kama anavyodaiwa mwenye hati ya mjini. Anayeambiwa kwamba shamba la Basotu au la Maretadu linapigwa mnada kwa deni la kodi aulize aina ya ardhi kabla ya kuuliza bei.

Hata pale deni lilipo na hukumu imetoka, si kila mali inakamatika. Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambayo Baraza huitumia pale kanuni zake zinapopungua, inakataza katika kifungu cha 48 kukamata nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Inakataza pia kukamata ardhi ya kilimo ya mtu ambaye riziki yake yote inaitegemea. Mkulima anaachiwa zana zake, pamoja na ng'ombe na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi. Ulinzi huu una uzito wa pekee katika nyanda za Mbulu, ambako kaya nyingi bado zinalima kwa plau na ng'ombe. Hata hivyo, ni ulinzi katika ukazaji wa hukumu. Mamlaka ya Mapato inapokamata mali kwa nguvu za Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, njia ni nyingine na haianzi na hukumu. Mnunuzi makini atataka kujua ni mlango upi ulioifikisha mali hiyo mnadani.

Msingi mzito zaidi wa sheria yetu katika jambo hili umetoka Mbulu kwenyewe. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila kwa watu waliopoteza ardhi wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na ikawazuia kwenda mahakamani. Baba na mwana wa kijiji cha Kambi ya Simba, wakati huo wilaya ya Mbulu na leo Karatu, walikuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa ardhi yao, na sheria hiyo ikaja kuwanyang'anya ushindi. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani iliamua Desemba 1994 kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kumwondolea mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kuivunja Katiba. Hukumu hiyo husomwa zaidi na wanaojadili vijiji vya ujamaa. Nadhani inawahusu pia wanaojadili minada. Ikiwa Bunge zima haliwezi kufuta haki ya mkulima kwa kifungu kimoja cha sheria, dalali hawezi kuifuta kwa karatasi ambayo mkulima hakuiona.

Hanang ina kumbukumbu yake, tena chungu zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Yalifikia takriban ekari 100,000, sehemu kubwa yake malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 kikashindwa katika Mahakama ya Rufani, iliyoona kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kisheria. Huo haukuwa mnada wa kodi. Lakini mtu wa Hanang anayesikia leo kwamba ardhi imechukuliwa kwa karatasi halali hasikii habari ngeni, na mnunuzi atakayejenga uzio juu ya kiwanja cha mnada anauchimbia nguzo katika udongo wenye historia hiyo. Hati yake inaweza kuwa safi kabisa na bado akakosa amani.

Sasa nije kwenye notisi, ambayo ndiyo kiini. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo la hadhara la siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na pia mahali mnada utakapofanyika. Pale mauzo yanapofanyika katika kukaza hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka siku 30 kwa mali isiyohamishika, isipokuwa mdaiwa akiridhia kwa maandishi muda mfupi zaidi. Haya yanajulikana. Kinachosahaulika ni sharti jingine la Sura ya 227: tangazo lisiwe la maandishi tu, bali litolewe pia kwa njia ambayo watu wasiosoma wataielewa. Liwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na litaje jina la mwenye mali na mahali anapoishi.

Aliyeandika sharti hilo aliijua nchi hii. Katika desturi ya leo limekuwa kama halipo. Tangazo linatoka gazetini, nakala inabandikwa, picha inapigwa kuonyesha kuwa imebandikwa, na jalada linaonekana limetimia. Tulipime hilo kwa hali ya Mbulu na Hanang. Wazee wengi wa Kiiraqw na wa Kidatoga hukisikia Kiswahili cha sokoni vizuri, lakini Kiswahili cha tangazo la kisheria ni kingine kabisa. Mfugaji wa Kidatoga anaweza kuwa mbali na mifugo yake kwa msimu mzima. Kiwanja cha Katesh kinaweza kuandikwa jina la mume ilhali mkaaji na mtunzaji wake ni mke, ambaye hatajwi popote katika hati ya madai. Tena, tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 na kufagia nyumba Katesh na Gendabi. Waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya Waret. Hati ya madai inayopelekwa kwa anwani ya kabla ya siku hiyo inapelekwa mahali ambapo pengine hapana mlango.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikabiliana na swali linalofanana na hili mwaka 2006, katika shauri la Jones dhidi ya Flowers. Gary Jones alikuwa ametengana na mkewe, ambaye alibaki katika nyumba yao mjini Little Rock, Arkansas. Kodi haikulipwa. Barua ya rejista ikatumwa na kurudi bila kupokelewa, tangazo likatoka gazetini, na nyumba yenye thamani ya dola 80,000 ikauzwa kwa dola 21,042. Mahakama iliamua kwamba serikali inayojua barua yake imerudi haiwezi kuendelea kuuza kana kwamba haijui. Ilipaswa kuchukua hatua nyingine iliyo ndani ya uwezo wake, hata kubandika notisi mlangoni. Hukumu ya kigeni haiwafungi mahakimu wetu, lakini mantiki yake inafaa: kipimo cha notisi ni kama mtoaji alitaka kweli imfikie mdaiwa. Sheria yetu, kwa sharti lake la watu wasiosoma, ilikuwa imefika hapo mapema zaidi.

Kuna pingamizi la maana. Litasemwa kwamba sheria lazima imlinde mnunuzi wa nia njema, la sivyo hakuna atakayejitokeza mnadani na wadaiwa sugu watacheka. Nakubali nusu ya kwanza. Serikali imekuwa na subira: mwaka 2022 ilisamehe riba ya malimbikizo ya kodi ya pango kwa waliolipa deni la msingi katika muda uliowekwa, na asiyelipa baada ya nafuu kama hiyo hana haki ya kulalamika kuhusu mnada wenyewe. Lakini nia njema si kufumba macho. Katesh na Mbulu ni miji midogo. Anayenunua kiwanja anajua, au atajua kwa kumuuliza jirani mmoja, nani analima maharage pale na nani anafua nguo uani. Mtu wa namna hiyo akidai mbele ya Baraza kwamba hakujua kuna mkaaji, madai yake hayastahili kuaminiwa. Ulinzi wa mnunuzi una maana pale tu alipofanya uchunguzi ambao mtu mwangalifu angeufanya.

Aidha, sheria haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Katika mauzo ya kukaza hukumu hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15. Mwenye mali akitaka kuyatengua kwa kulipa deni ndani ya siku 30, lazima amlipe mnunuzi asilimia 5 ya bei kama kifuta jasho. Huu ni utaratibu wa haki kwa pande zote. Tatizo ni kwamba watu huyakumbuka masharti haya baada ya mnada. Novemba 2017, majumba ya kifahari yaliyokamatwa Dar es Salaam kwa deni la kodi yalipigwa mnada, mzabuni akatamka kuwa milioni mia tisa itapendeza, nchi nzima ikaicheka na kuirudia kauli yake, na asilimia 25 haikulipwa. Mnada uliovuma kuliko yote nchini haukuipa hazina kitu siku ile.

Tuweke basi sharti moja lenye nguvu. Baraza lisithibitishe mauzo yoyote ya deni la kodi mpaka dalali awasilishe kiapo kinachotaja tangazo lilisomwa wapi, na nani, kwa lugha gani, kikiwa na saini ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na kinachoonyesha kwamba mkaaji wa kiwanja aliarifiwa ana kwa ana. Mahali pa kusoma hapakosekani: mkutano wa kijiji, makanisani baada ya ibada, na mnada wa mifugo, ambako watu wa vijiji vyote hukutana na vipaza sauti vipo tayari. Kusoma kwa Kiiraqw na Kidatoga hakuvunji Sura ya 227, kunaitimiza. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na miaka ya kesi. Sambamba na hilo, kipimo cha kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi, kinachotilia shaka mauzo ya rehani yaliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, kitumike pia kwa mauzo ya kodi. Bei ikiporomoka kiasi hicho, Baraza liulize sababu kabla ya kutoa hati ya mauzo.

Wizara yenye dhamana ya ardhi inaweza kuyaweka haya katika kanuni, na Bunge linaweza kuyapa nguvu zaidi. Mpaka hapo, anayekusudia kununua Katesh, Haydom au Mbulu mjini alifuate jalada kabla ya kumfuata dalali: asome hati ya madai, aone uthibitisho wa notisi, afike kwenye kiwanja na kuzungumza na anayeishi pale. Asipoyapata hayo, asilipe ile asilimia 25.