Kalamu za Wavulana wa Kiungani

Tukitaja vijana na uandishi katika Kanisa, wengi wetu hufikiria mashindano ya insha siku ya vijana. Upo mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Kiungani. Walioandika ni wavulana wa shule za misheni ya UMCA, ambazo mojawapo ilikuwa Kiungani, Unguja. Shule hiyo ilipokea watoto waliookolewa na manowari za Uingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Soko la Unguja lilikwisha fungwa mwaka 1873, lakini biashara iliendelea kwa siri, na watoto wakaendelea kuletwa.

Waliandika kwa Kiswahili. A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi baadaye, akatafsiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo sisi wenye lugha yetu tunazisoma habari zao kwa lugha ya wengine!

Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikuwa Wayao, Wamakua na wengineo wa bara. Walijifunza njiani, mikononi mwa waliowanunua, kisha darasani. Kwa lugha hiyo hiyo iliyotumika kupatana bei yao, wakasimulia vita, kutekwa, kuuzwa mkono kwa mkono na safari ya miguu hadi pwani. Wala hawakuishia kwenye mateso. Waliandika pia habari za makwao, na hapo ndipo tunapowapenda zaidi, maana mtumwa aliambiwa asahau kwao.

Tusifiche kwamba kitabu kilikusudiwa wasomaji wa Uingereza, ambako ndiko ilikotoka michango ya misheni. Hata hivyo, kusoma visa hivi kama picha za kuombea sadaka tu ni kuwauza mara ya pili. Yusufu naye aliuzwa na nduguze. Mwanzo inatuambia aliwasihi, lakini haitupi maneno aliyoyasema. Wavulana hawa wametuachia ya kwao.

Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu lipo jina la Madan. Waandishi wametajwa kuwa wavulana tu. Mwanafunzi mmoja wa Kiungani tunamjua kwa jina, ingawa hatusemi kwamba aliandika humo: Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa. Alipewa upadre mwaka 1890, akahudumu Chitangali, kati ya Wayao wenzake.