Betri ya Foleni, Petroli ya Thika Road

Gari la haibridi linalochajiwa kwa stima likifika kilomita 100 kwa saa, magurudumu yazungushwe na betri au na petroli? Wamarekani, Wajapani na watu wa Ulaya wamelijibu swali hili kila mmoja kivyake, na majibu yao yamo ndani ya magari yenyewe. Baadhi ya magari hayo sasa yanateremshwa Mombasa kutoka Japani na kufika Buruburu, Donholm na Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Yamekuja na desturi za barabara za kwao, na mimi nashikilia kwamba hakuna hata moja ya desturi hizo inayoitosha Eastlands jinsi ilivyo.

Jibu la Marekani ni Chevrolet Volt, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 16. Katika hali ya kawaida, petroli haikuguswa hadi betri iishe, hata dereva akikaribia kilomita 160 kwa saa. Walioiunda walimwona mtu mwenye nyumba yake na gereji yake, anayekwenda kazini kwa barabara kuu kila asubuhi na kuchomeka waya kila jioni. Kwa mtu huyo, betri isiyomudu kasi ingekuwa pambo tu.

Wajapani walipima kwa kijiko. Prius ya kwanza ya kuchajiwa, ya mwaka 2012, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 4.4, na ilipovuka takriban kilomita 100 kwa saa injini iliamka yenyewe. Mwaka 2013 ikaja Mitsubishi Outlander ya kuchajiwa, yenye betri ya kilowati-saa 12 na mota mbili, iliyoweza kufika kilomita 120 kwa saa kwa stima pekee. Hata hivyo wahandisi wake hawakuitaka ifanye hivyo siku zote. Kuanzia kilomita 65 hivi kwa saa, injini inaweza kushikana moja kwa moja na magurudumu ya mbele. Petroli ikigeuzwa kuwa stima, kisha stima iwe mwendo, kila mgeuzo unakula sehemu yake. Na injini inayovuta mzigo kwa mwendo usiobadilika inafanya kazi vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Basi kwa nini nguvu yake ipitishwe kwenye jenereta? Wakaweka pia kitufe cha kuihifadhi betri, dereva aitumie mbele ya safari. Kwangu mimi hicho ndicho kifaa chenye hekima kuliko vyote ndani ya gari hilo, na inasikitisha kwamba mara nyingi linauzwa hapa bila mnunuzi kuelezwa kazi yake.

Hoja ya kuihifadhi betri ni upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, kwa hiyo betri inayodumu vizuri kwa kilomita 50 kwa saa huyeyuka kwa 110. Nairobi ina nafuu kidogo: tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia kama 15. Hewa hiyo nyepesi huinyima nguvu injini isiyo na turbo, lakini mota ya stima haina habari nayo.

Ulaya iliingiza sheria na kodi katika hesabu. London iliwapa punguzo la ada ya kuingia katikati ya jiji wenye magari ya aina hii, hadi Oktoba 2021. Wengi waliyanunua na hawakuyachomeka vya kutosha. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024 ilionyesha kwamba kaboni dioksidi halisi ya magari hayo ilikuwa wastani wa mara tatu na nusu ya ile ya vipimo rasmi.

Eastlands ina elimu yake, na imekaa kwenye kiti cha dereva wa matatu. Anajua kwamba kinachomaliza mafuta ni Jogoo Road saa moja asubuhi, gari likisogea hatua mbili na kusimama. Hapo injini ya petroli inaungua bila kwenda popote, ilhali mota ikisimama haili kitu, na kila breki hurudisha stima kidogo kwenye betri. Mabasi ya umeme ya BasiGo, yaliyoanza majaribio Nairobi mwaka 2022, yanafaidi jambo hilo hilo.

Kwa hiyo mwenye Outlander anayetoka Donholm kwenda Thika na kurudi, zaidi ya kilomita 70, atumie stima Outering Road, abonyeze kitufe cha kuhifadhi akiingia Thika Road pale Allsops, aachie petroli barabara kuu, kisha jioni arudi mtaani kwa stima. Lakini anayekwenda Upper Hill tu, kwenda na kurudi kwake kunaingia ndani ya betri iliyojaa. Huyo aitumie yote, hata kwenye Expressway yenye kikomo cha kilomita 80, mradi usiku atachaji. Kuihifadhi ni kurudi nyumbani na stima aliyokwisha kuilipia.

Napigania betri ya foleni kwa sababu ya pili pia. Moshi wa Thika Road hutawanyika. Wa Outering unawaingia wauza mboga wa Kariobangi na watoto wanaovuka kwenda shule. Kuzima injini mtaani ni ujirani.

Ila nani atachaji? Nyumba za Buruburu, zilizoanza kujengwa miaka ya 1970, nyingi zina ua na geti, waya unafika. Ghorofa za Pipeline hazina hata pa kuegesha, na mita ya tokeni ya mpangaji iko juu orofa ya nne. Akinunua Outlander, atabeba betri nzito isiyojaa na kulipa petroli zaidi ya jirani mwenye gari dogo la Vitz. Mwenye ploti anayejenga leo Umoja au Utawala anaweza kuweka soketi yenye mita yake karibu na geti, maadamu fundi wa stima bado yuko kazini na ukuta haujapigwa plasta.