Torati na Mwalimu: Habari za Wayahudi wa Mbale

Katika nchi zilizozunguka Ziwa Viktoria, tangu Lamadi upande wa kusini hata Uganda upande wa kaskazini, wako Wakristo wengi waitunzao Jumamosi kuwa Sabato. Lakini kutunza siku hiyo hakumfanyi mtu kuwa Myahudi. Dini ya Kiyahudi husimama juu ya Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, pamoja na sheria iliyopokewa kwa mdomo na kuandikwa baadaye katika Mishna na Talmudi. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane. Nyama hailiwi pamoja na maziwa. Na kinara cha matawi saba hukumbusha hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70.

Jinsi kitabu na mapokeo yanavyohitajiana huonekana katika habari za Semei Kakungulu. Jemadari huyu Mganda aliwasaidia Waingereza kuitiisha Uganda ya mashariki, akitumaini kupewa ufalme huko, asipewe. Akajitenga nao, akaingia katika madhehebu ya Wamalaki, waliokataa dawa, akazidi kuisoma Biblia. Yasimuliwa kwamba alipodai tohara aliambiwa kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, karibu na Mbale.

Kitabu kilimfikisha hapo bila mwalimu. Hata hivyo, imani nyingi za Kikristo zilibaki katika jumuiya yake, mpaka Myahudi mmoja mgeni, jina lake Yosefu, alipowafundisha katika miaka ya 1920 hesabu ya sikukuu na kanuni za kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, wengi waliiacha. Mamia machache wakashikamana nayo, wakisali kwa siri. Lakini kwa sheria ya marabi, Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka mbele ya baraza la watu watatu na kuzamishwa majini. Hivyo mwaka 2002, marabi kutoka Marekani walipofika, mamia ya watu walioteseka kwa ajili ya jina hilo waliingia majini ili walipokee. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alitawazwa kuwa rabi huko Los Angeles, akarudi Mbale. Torati iliyosomwa bila mwalimu ikapata mwalimu wake mwenyeji.