Marekani ya zamani: shamba la familia, karatasi na deni

Mwezi wa kumi 1817, mkulima mmoja jina lake Thomas Lincoln alifika ku ofisi ya mashamba ya serikali mjini Vincennes, jimbo la Indiana, akaacha pale dola 16. Mwezi wa kumi na mbili akaongeza dola 64. Jumla dola 80. Hiyo ilikuwa robo ya bei ya ekari 160, sawa na hekta 65 hivi, ambapo familia yake ilikuwa imekwisha kujenga nyumba ya magogo na kuanza kukata miti. Dola 240 zilizobaki zilikuwa deni la serikali. Mtoto wake Abraham, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikuwa na miaka 8.

Leo tukisikia mkulima wa Marekani tunawaza trekta na mashamba yasiyo na mwisho. Lakini wakati ule familia nyingi zililima kwa mkono, kwa shoka na kwa ng'ombe wachache, na hesabu yao ilikuwa ngumu sana. Mvua na mavuno yalikuwa sehemu moja tu ya hesabu. Swali kubwa lilikuwa hili: feza kiasi gani tuingize katika shamba ambalo kesho tunaweza kunyang'anywa?

Karatasi ya shamba

Kabla ya Indiana, Thomas Lincoln aliishi Kentucky, na kule alipata mashamba matatu, moja baada ya lingine. Yote yalimletea shida. Kentucky serikali haikupima ardhi kabla ya kuigawa. Kila mtu alijichorea mpaka wake: kutoka ule mti mkubwa hadi lile jiwe, kisha kufuata kijito. Mti ulianguka, kijito kilihama, na watu wawili au watatu walijikuta na karatasi za uwanja mmoja. Shamba lake la kwanza, lilipopimwa upya, lilionekana dogo kuliko alilonunua, akaliuza kwa hasara. La pili, lile ambapo Abraham alizaliwa 1809, alilipa dola 200 na likampotea juu ya ugomvi wa hati. La tatu nalo lilifikishwa ku tribinali.

Miaka mingi baadaye, Abraham mwenyewe aliandika kwamba familia yao ilihama Kentucky kwa sehemu juu ya utumwa, lakini zaidi juu ya matatizo ya hati za ardhi. Kentucky matajiri walilimisha watumwa, na mkulima mdogo hakuweza kushindana nao. Indiana iliingia katika Muungano wa Marekani 1816 na katiba inayokataza utumwa. Na kaskazini ya mto Ohio, kufuatana na sheria ya 1785, serikali ilipima ardhi kwanza, ikaikata kwa miraba, ndipo ikaiuza. Ardhi yenyewe ilikuwa imetolewa mikononi mwa wenyeji wa kwanza kwa mikataba mingi iliyotiwa sahihi kwa shinikizo. Hilo mnunuzi hakuulizwa. Yeye alichokuwa anatafuta ni mraba ambao hakuna mtu mwingine angekuja kuudai.

Deni la miaka minne

Sheria ya 1800 iliruhusu kununua ardhi ya serikali kwa mkopo. Bei ilikuwa dola 2 kwa ekari, robo mwanzoni na zingine kwa muda wa miaka minne. Mwanzoni mtu alipaswa kuchukua ekari 320 au zaidi, kisha 1804 kipimo cha chini kikashushwa mpaka 160.

Ku karatasi hiyo ilikuwa huruma. Ku shamba mambo yalikuwa mengine. Porini kwa Indiana mtu mwenye shoka alisafisha ekari chache tu kwa mwaka. Mara nyingi alikata ganda la mti kuzunguka shina, akauacha ukauke wima, akapanda mahindi katikati. Miaka minne inapita upesi sana kwa namna hiyo: deni linahesabiwa kwa ekari zote 160, lakini chakula kinatoka ku kipande kidogo. Wengine walichukua ardhi nyingi makusudi, wakitumaini bei itapanda wauze sehemu na kulipa deni. Na kwa muda bei ilipanda kweli. Banki ndogo za majimbo zilichapisha noti na kukopesha kila aliyeomba.

Halafu ikaja 1819. Banki kubwa ya taifa ilikuwa imeanza kuzidai banki ndogo feza ya chuma, banki ndogo nazo zikawarukia wateja wao. Bei ya pamba na ya nafaka ikaanguka. Mkulima aliyekuwa akihesabu mavuno mawili kumaliza deni, sasa hata matano hayakutosha. Wanunuzi wa ardhi walikuwa wanadaiwa na serikali zaidi ya dola milioni 20, na serikali ingewafukuza wote vipi?

Mwaka 1820 mkopo ukafutwa. Tangu hapo ekari 80 kwa dola 1.25 kila moja, yaani dola 100, mkono kwa mkono. Mwaka uliofuata, wale waliokuwa na deni la zamani wakapewa njia ya kutokea: mtu aliweza kurudisha sehemu ya ardhi, na feza aliyokwisha kulipa ikahesabiwa kwa sehemu inayobaki. Ndiyo njia aliyofuata Thomas Lincoln. Mwaka 1827 alirudisha ekari 80, akamaliza malipo ya 80 zingine, akapata hati yake. Kuna wanaomhesabu kuwa mvivu aliyeshindwa. Lakini ekari alizorudisha hakuwa na mikono ya kuzilima, na zile alizobakiza hakuna aliyemnyang'anya tena.

Kula kwanza, kuuza baadaye

Ndani ya shamba kulikuwa na chaguo lingine: kulima chakula au kulima feza. Wakulima wa tumbaku wa Virginia walikuwa wameonja kulima feza. Zao moja, bei inapangwa ng'ambo, na nguo na majembe yanachukuliwa kwa mkopo wa wafanyabiashara wa London na Glasgow. Mwaka wa bei mbaya deni linakua tu.

Familia ndogo nyingi zilianza na mahindi na nguruwe. Mahindi waliyala wenyewe. Nguruwe waliachwa porini wajitafutie chakula, kisha nyama ikatiwa chumvi. Kilichozidi ndicho kiliuzwa. Siagi na vitambaa vya wanawake mara nyingi ndivyo vililipa chumvi na chuma ku butike. Mwenye butike aliandika kila kitu katika daftari, na familia ililipa kwa nyama, kwa mayai, au kwa siku za kazi. Kati ya majirani deni kama hilo liliweza kukaa miaka bila riba na bila ugomvi.

Hatari iliingia pale mtu wa mbali alipotaka feza kamili. Massachusetts, 1786, wafanyabiashara wa pwani walibanwa na wadai wao wa Uingereza, wakabana maduka ya vijijini, maduka yakabana wakulima, na serikali ikaongeza kodi ya kulipwa kwa feza ya chuma. Wakulima, wengi wao wapiganaji wa vita ya uhuru kama kapiteni Daniel Shays, walikwenda kuzifunga tribinali kwa nguvu ili mashamba yasiuzwe. Magharibi mwa Pennsylvania, nafaka haikuweza kuvuka milima kwa faida, basi watu waliigeuza wiski, maana farasi mmoja alibeba thamani kubwa zaidi. Kodi ya wiski ya 1791 ilipodaiwa kwa feza ambayo hawakuwa nayo, uasi ulizuka, na 1794 rais Washington alipeleka askari karibu 13.000.

Indiana njia ya soko ilikuwa maji. Mwaka 1828 Abraham, na miaka 19, aliteremka na mashua ya mbao mpaka New Orleans akiwa na mtoto wa mwenye butike, James Gentry. Mshahara ulikuwa dola 8 kwa mwezi, na kwa desturi ya wakati ule ulikwenda kwa baba yake. Mzigo na hasara kama ingetokea vilikuwa vya Gentry. Kwa familia isiyo na akiba, kuuza nguvu za kijana kulikuwa salama kuliko kupakia mahindi yao yenyewe.

Mwaka 1830 Thomas aliuza zile ekari 80 kwa dola 125, chini ya dola 160 za bei yake ya mwanzo, akahamia Illinois. Jirani David Turnham alikumbuka baadaye kwamba yeye ndiye alinunua nguruwe wake, karibu 100, na mahindi ya tani kama kumi.

Thomas alikufa 1851. Miaka 11 nyuma yake, mwezi wa tano 1862, rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kutoa ekari 160 kwa mtu atakayekaa na kulima miaka mitano, kwa malipo madogo tu ya ofisi. Ng'ombe wa kulimia, mbegu, ua wa shamba na chakula cha kusubiri mavuno ya kwanza, familia ilijitafutia yenyewe, na wengi walivipata kwa kukopa.