Umushanana: Vazi la Ngoma Lililofika Arusini

Kulitazama vazi hili la Wanyarwanda kwenye ngoma, anza na mikono. Mchezaji huiinua kama pembe za ng'ombe wa Ankole, na mtandio mwepesi uliofungwa bega moja hupepea nyuma yake. Chini yake kuna sketi ndefu iliyokusanywa marinda kiunoni, na juu blauzi ya kubana. Basi, hakuna zaidi. Urembo wote umo katika namna ya kufunga.

Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, imepokea Wanyarwanda tangu wimbi la wakimbizi la 1959 na miaka iliyofuata. Vazi hili si geni kwa majirani. Mbarara mishanana huvaliwa kwenye kuhingira, sherehe ya kumuaga binti anapoolewa, hata na mashangazi ambao hawatacheza hatua moja.

Si ngoma hii pekee ambayo mavazi yake yametoka nje: baleti nayo ilishuka jukwaani mwaka 1956, mjini Paris, Rose Repetto, mtengenezaji wa viatu vya baleti, alipomtengenezea mwigizaji Brigitte Bardot kiatu bapa cha kutembelea. Wajukuu wa kiatu hicho utawakuta kwenye mafungu ya mitumba.

Sanamu ya maonyesho huweza kuvalishwa vizuri, lakini haitembei, na umushanana ni vazi la kutembea.