Karatasi Inayovuta Maji

Printa ya leza haina wino. Tunasema "wino umeisha" kwa mazoea tu. Kilichomo ndani ni unga mkavu, plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na rangi nyeusi, na unga huo hupelekwa kwenye karatasi kwa umeme tuli, ule ule unaosimamisha nywele ukivua sweta Njombe mwezi wa Julai. Jaribu kuvua sweta hilo Nyamisati, pembeni mwa mikoko, masika yakiwa yamekolea. Hakuna unywele utakaosimama. Hewa ya delta ina maji mengi kiasi kwamba umeme tuli haukai. Unavuja kabla haujafanya kazi. Sasa iweke printa mahali hapo, uitegemee itoe mikataba ya viwanja, mihtasari ya mikutano ya kijiji na mitihani ya majaribio.

Ni teknolojia iliyozaliwa katika ukavu. Tarehe 22 Oktoba 1938, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walikuwa katika chumba kidogo Astoria, New York. Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme, na alichoshwa na kunakili michoro na maelezo kwa mkono. Walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa cha pamba gizani ili lipate umeme tuli, wakaweka juu yake kioo chenye tarehe na jina la mahali, wakaliangaza kwa taa, kisha wakanyunyiza unga. Unga ulinasa pale tu ambapo mwanga haukufika. Wakauhamishia kwenye karatasi ya nta na kuupasha moto. Hatua hizo ndizo zinazofanyika leo ndani ya kila printa ya leza: chaji, mwanga, unga, joto. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox alichobadilisha ni chanzo cha mwanga. Aliweka leza iandike moja kwa moja kwenye ngoma, na mwaka 1977 Xerox ikauza mashine kubwa ya aina hiyo, modeli 9700.

Mashine za kizazi hicho zilihitaji fundi kama mgonjwa anavyohitaji daktari. Mashine ya kunakili ya Xerox 914, iliyotangulia, ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi, hata kampuni ikawa inaitoa pamoja na kizimamoto kidogo. Kwa maoni yangu, mapinduzi makubwa kuliko leza yalikuja mwaka 1982, Canon walipotoa mashine ndogo ya kunakili ambayo sehemu zake zinazochakaa haraka (ngoma, unga, kisu cha kusafishia) zilifungwa pamoja ndani ya katriji moja. Unga ukiisha, unatupa katriji na kuweka nyingine, na sehemu zilizochakaa zimeondoka nayo. Mwaka 1984 HP wakajenga LaserJet ya kwanza juu ya mtambo wa Canon. Bila uamuzi ule wa katriji, printa ya leza ingebaki mali ya miji yenye mafundi wa kampuni. Isingefika Kibiti.

Delta ya Rufiji ina kumbukumbu yake ya mashine iliyoharibika mbali na karakana. Septemba 1914, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, manowari ya Kijerumani Königsberg ilirudi kujificha katika mikono ya delta kwa sababu injini yake ilikuwa na hitilafu. Hapakuwa na namna ya kuitengeneza Salale. Sehemu zilizovunjika zilisafirishwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, zikatengenezwa huko, zikarudishwa. Vitabu vya vita vinataja majina ya makapteni na tarehe 11 Julai 1915, siku meli ilipoangamizwa. Watu waliovuta vyuma vile njia nzima hawatajwi kwa majina. Matengenezo huandikwa hivyo mara nyingi: chombo kina jina, wanaokihudumia hawana.

Kabla ya leza, shule na ofisi zetu zilitegemea taipureta na mashine ya kudurufu kwa stensili. Ilichafua mikono na mashati, lakini wino wake ulinyonywa na karatasi, na unyevu haukuusumbua sana. Leza ni tofauti. Karatasi ni nyuzi za mti, na hunyonya maji ya hewani kimyakimya ndani ya saa chache baada ya rimu kufunguliwa. Karatasi yenye maji hupitisha umeme, hivyo chaji inayopaswa kuuvuta unga inapotea na maandishi yanatoka yamepauka. Kisha karatasi inaingia kwenye roli za joto, ambazo mafundi huziita fyuza, zenye karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Maji yanageuka mvuke, karatasi inajikunja, inakwama. Mwenye duka anailaumu printa, anavuta karatasi kwa nguvu kuelekea upande usio sahihi, na kugeuza hitilafu ya shilingi sifuri kuwa roli iliyochanika.

Dawa yenyewe haina fahari. Rimu ifunguliwe inapohitajika tu, na iliyobaki irudi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, isikae sakafuni wala kuegemea ukuta. Trei isijazwe karatasi za wiki nzima. Printa ifunikwe usiku, maana chumvi ya upepo wa baharini hula vituo vya umeme kama inavyokula mabati. Unga ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto huuyeyusha na kuugandisha. Ngoma isiachwe juani hata kwa dakika chache, kwa sababu kazi yake yote ni kuhisi mwanga.

Umeme ni habari nyingine. Fyuza inapowaka hunyonya umeme mwingi kwa mara moja, na ndiyo maana watengenezaji huonya printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Kwenye visiwa vya delta vinavyotegemea paneli ndogo za sola hali ni ngumu zaidi. Ni rahisi kutuma faili kwa simu kwenda Kibiti na kuifuata karatasi kwa boti na bodaboda. Anayesafiri hivyo kwa ajili ya ukurasa mmoja anastahili ukurasa unaosomeka.

Na Canon walichokifunga, mafundi wetu wamekifungua. Katriji iliyobuniwa itupwe inatobolewa, inajazwa unga na kuzibwa. Siwalaumu, bei ya katriji mpya inajieleza. Ila ndani ya katriji kuna chumba cha masalia, na anayejaza mara tatu bila kukimwaga atapata mistari myeusi ukurasa mzima. Tena unga haufanani. Usiolingana na joto la fyuza hauyeyuki vizuri. Unalala juu ya karatasi kama vumbi.

Hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapopata wasiwasi. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani bado zinasomwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kibiti imekuwa wilaya inayojitegemea muongo uliopita tu, ilipomegwa kutoka Rufiji, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kiserikali imechapwa kwa leza: nani alipewa shamba, mkutano uliamua nini, nani alipinga. Unga ulioyeyuka barabara ndani ya nyuzi za karatasi unaweza kudumu miaka mingi sana, tofauti na risiti za EFD zinazofifia zikiwa bado pochini. Uliochapwa juu ya karatasi yenye maji, na fyuza iliyochoka, hubanduka pale karatasi inapokunjwa, na karatasi za kijiji hukunjwa mara nne ziingie mfukoni. Mkunjo ukipita juu ya jina, jina linaondoka.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Chapa ukurasa, uache upoe, ukunje katikati ya maandishi na usugue mkunjo kwa kidole gumba. Kidole kikitoka cheusi, usiupige mhuri ukurasa huo.